Kutoka propu wa raga hadi kocha wa safu ya mbele chuoni Marekani

Nyumbani nikisema nafundisha futiboli chuoni Marekani, swali la kwanza ni kama nawajua makocha wa Ligi Kuu ya Uingereza. Siku hizi sibishani. Mpira wangu ni futiboli ya Kimarekani, ule wa helmeti na pedi za mabegani, na vijana wangu ni wale wa mbele kabisa timu inapozuia, mara nyingi wanne: wa katikati huziba njia za mkimbiaji, wa pembeni humsaka kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira.

Nilicheza raga Nairobi kama propu, mmoja wa wale wa mstari wa mbele wa skramu, kisha nikaja Ohio kusoma shahada ya pili. Niliingilia pale wanapoingilia wengi: mwanafunzi wa uzamili anayewasaidia makocha, chuo kikimlipia karo na kumpa posho ndogo. Viza ya mwanafunzi hairuhusu zaidi ya saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiendelea, kwa hiyo nilizibana. Nilikata video za wapinzani: ni jaribio la ngapi kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi 10, zimebaki yadi ngapi, wamejipangaje. Saa zilizosalia nilikuwa uwanjani na safu ya mbele, wala sikujipendekeza kwingine.

Raga ilinifaa kwa jambo moja: kuinama. Aliye chini humnyanyua aliye juu, hata akizidiwa kilo 20. Mengine ilibidi nijifunze upya. Kwenye skramu mnashikana na kusubiri sauti ya refa. Hapa unaondoka mpira ukisogea tu, na sauti ndiyo mtego. Kwotabeki hupiga kelele makusudi ili uchomoke mapema, na ukichomoka timu yako inaadhibiwa yadi 5. Ndiyo maana makocha wa safu hii hutembea na fimbo yenye mpira uliofungwa nchani. Nachuchumaa mbele ya vijana, mpira ukiwa kwenye nyasi, napayuka kwa Kiswahili: "Haya! Twende! Nani kaiba ugali?" Wanaosikiliza kwa masikio wanachomoka. Halafu navuta fimbo kimyakimya, na wenye macho kwenye mpira wanaondoka kama umeme.

Baada ya hapo ni mikono. Vidole gumba juu, viwiko ndani, unampiga mpinzani kifuani kabla hajakupiga. Nikisimamisha video, hapo ndipo natazama kwanza. Kijana anaweza kumwangusha mkimbiaji na uwanja ukalipuka, lakini kama mikono yake ilikuwa nje, kesho yake tunaanza na hilo.

Vijana waliponiuliza nilichezea chuo gani, niliwaambia sijacheza. Nikawataja Ezekiel Ansah, Mghana aliyeanza mchezo huu akiwa chuo cha BYU mwaka 2010, na kufikia 2013 Detroit Lions wakamchagua wa tano kwenye drafti, pale timu za ligi ya kulipwa ya NFL zinapochagua wachezaji wapya. Nikamtaja na Daniel Adongo wetu, aliyetoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts, timu nyingine ya NFL, mwaka huohuo. Walicheka, lakini hawakuuliza tena.

Ugumu wa kazi hii hauko uwanjani. Kocha mkuu akifukuzwa, anayekuja huja na watu wake, na wasaidizi wote hufungasha. Yalitukuta. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nikiwasalimia makocha wa safu wa timu pinzani baada ya kila mechi na kuwaandikia. Kila Januari makocha hukutana kwenye kongamano la chama chao cha kitaifa, na korido hujaa watu wenye wasifu mkononi. Mimi nilienda kuonana na watu waliokwisha kunijua. Mmoja alinipeleka chuo kidogo cha daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ambako hakuna ufadhili wa michezo. Kuhusu viza, wageni wenzangu wajue hili: H-1B, viza ya kazi, ikiombwa na chuo haiingii kwenye ile bahati nasibu ya kila mwaka ya kugawa viza hizo.

Wengi huichukua nafasi hii kama ngazi tu. Mimi namtazama Larry Johnson, kocha wa safu kama yangu: alifundisha shule za sekondari miaka mingi, akaingia chuo cha Penn State mwaka 1996, akahamia Ohio State mwaka 2014. Ndugu wawili wa ukoo wa Bosa, Joey na Nick, na pia Chase Young, wote waliofika NFL, walipita mikononi mwake, naye huko alibaki na safu yake ya mbele. Juzi mkuu wangu aliniuliza kama ningependa kusimamia ulinzi wote. Nilimwomba aniachie wanne wangu, ila aniongezee bajeti ya sledi mpya, kile chuma chenye pedi ambacho vijana husukuma mazoezini.