Udhu wa birika moja

Mabomba yamekauka mtaani tangu jana. Alfajiri hii birika dogo la robo tatu ya lita limetosha kwa udhu mzima. Mzima!

Kwani Mtume (SAW) si alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kile kipimo cha kale? Ni kama kiasi hicho hicho.

Mimina kidogo, sugua. Kila kiungo mara moja yatosha. Mara tatu ni sunna. Maji mengi huishia kwenye viganja na kusukutua, halafu miguu ndiyo inayopunjwa.

Hasa kisigino. Maji hupita juu ya mguu, nyuma pakabaki pakavu, na udhu haujatimia. Pitisha kiganja nyuma, kisha kidole kidogo katikati ya vidole vya mguu.

Utulivu wa birika, wallahi, bomba halina.

Nyie wenzangu mnatumia maji kiasi gani?