Nilivyopata eksteno na programu ya kuediti kwa ofa ya kweli, baada ya kukaribia kupigwa

Mimi napiga picha za harusi, niko Dar, na kwa watu wa kazi hii Desemba ndo mwezi wa kula na ndo mwezi wa kuumbuka, sendoff, kichen pati, harusi, ubarikio, vyote vinakuja kwa mpigo halafu laptopu inakwambia diski imejaa. Mwaka 2022 Agosti ilinikuta na eksteno moja ya zamani, yaani diski ya nje ya kuhifadhia faili, zile za sahani inayozunguka ndani, inalia kama inasaga karanga, na programu ya kuediti ya kraki, yaani ya wizi iliyovunjwa leseni, niliyowekewa na jamaa kwa elfu kumi. Kraki yenyewe ikaja na kirusi, faili za sendoff ya watu zikabadilika majina zikagoma kufunguka, kilichoniokoa ni memori kadi za kamera nilikuwa sijazifuta bado. Nikasema basi, nanunua vitu halali, ila kwa vile hela yenyewe ya mawazo nasubiri ofa za mwisho wa mwaka.

Cha maana nilichofanya ni daftari. Mwezi wa tisa nilizunguka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, maduka manne, nauliza bei ya Samsung T7 tu, eksteno ya SSD isiyo na sahani ya kuzunguka, ya TB 1, siguswi na kingine, naandika naondoka. Kuna mmoja aliniambia kabisa "we kaka ni TRA nini?" Sikujali.

Novemba duka mojawapo likapachika bango jekundu la Black Friday, zile ofa za Ijumaa ya mwishoni mwa Novemba, T7 ileile, "ilikuwa 450,000 sasa 360,000", watu wanasukumana. Nafungua daftari, duka hilohilo Septemba waliniambia 335,000. Nikamwonesha kijana wa kaunta, "mdogo wangu, hii 450 ilikuwa lini?" Akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akasema "bosi, dola imepanda". Dola mwaka ule ilikuwa imetulia palepale kwenye elfu mbili mia tatu na kitu miezi yote hiyo, lakini ningebishana naye ili iweje, nikamwambia kazi njema.

Nje pale nikakutana na muujiza, jamaa ana SSD ya TB 16 kwa elfu sitini. TB 16! Niliishika, nyepesi kama boksi la kiberiti. Nilikuwa na laptopu begani nikamwomba niichomeke, na kweli kompyuta inasoma TB 16, hapo ndo wengi wanaliwa. Hizi ndani zinakuwaga na memori kadi ndogo tu iliyochezewa idanganye ukubwa, unaweka kazi ya kwanza inakaa vizuri, ikishajaa kile kidogo chake cha kweli inaanza kuandika juu ya vitu vyako vya zamani na wala haikwambii. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, inajaza diski yote kwa faili zake halafu inazisoma tena kuona kama zipo. Nikamwambia naomba nijaribu hata dakika kumi, akachomoa eksteno yake taratibu akasema anaenda kuswali. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikamcheki dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anakaa Uingereza na alikuwa anakuja Krismasi. "Shikamoo dada, begi lako lina nafasi?" "Marahaba, inategemea unataka nini, mwaka jana ulinibebesha mataa." Nikamtumia linki ya Amazon ya kule, ila kabla ya kumwambia anunue nilipitisha ile linki camelcamelcamel, ni tovuti inakuonesha grafu ya bei ya kitu Amazon kwa miezi ya nyuma. Pale ndo utajua ofa ipi ni ofa, bidhaa nyingine unaona bei ilipandishwa wiki chache kabla halafu ikarudishwa ilipokuwa wakaita punguzo, kumbe Aggrey na Ulaya mambo ni yaleyale. T7 yenyewe ilikuwa imeshuka kweli. Ijumaa tarehe 25 Novemba dada akalipa pauni themanini kasoro, kwa hela yetu kama laki mbili na ishirini. Yeye alitaka tusubiri Boxing Day akidhani itashuka zaidi, nikamkumbusha kuwa tarehe 26 Desemba yeye atakuwa Tabata anakula pilau.

Programu sasa. Nilishaungua huko nyuma na moja ya kulipia kila mwezi, bango lilisema punguzo, nikabonyeza bila kusoma, kumbe nimesaini mkataba wa mwaka mzima na kujitoa katikati kuna faini. Safari hii nikatafuta ya kulipa mara moja. Affinity, watengenezaji wa programu za kuediti picha, walikuwa wametoka kuachia toleo la 2 mwezi huohuo na punguzo la asilimia 40, Affinity Photo ikawa dola 40.99, laki moja kasoro. Nikaanza na ile ya kujaribu siku 30, nikaediti nayo harusi nzima ndo nikalipa. Kadi ilikataa mara tatu, kumbe benki yangu inafunga manunuzi ya mtandaoni mpaka uombe ufunguliwe, nikashinda foleni nusu siku. Kuediti video nikahamia programu ya DaVinci Resolve, ile ya bure. Ile ya kulipia, ya Studio, ni dola 295, na kwa kazi zangu za harusi sijawahi kuona ninachokikosa.

Dada alitua, mzigo ukafika, na nikaupitisha H2testw vilevile usiku kucha, asubuhi haina kosa hata moja. Alinuna kidogo, "kwa hiyo huniamini?" Nikamwambia dada wewe nakuamini, boksi ndo siliamini.

Halafu Oktoba 2025 Canva, kampuni ya programu za kudizaini ambao waliinunua Affinity, wakaiachia bure kwa kila mtu. Bure! Mke wangu ndo aliyeniletea habari, anacheka. Daftari bado ninalo, saa hizi lina lenzi ya milimita 85, bei za maduka matatu, na lile duka la bango jekundu nimelizungushia wino.