11 ilivyoninyima soda

Nilikuwa fomu tuu hapa Kisumu, mwalimu wa hesabu akaingia Ijumaa akaandika ubaoni 2147483647, akasema atakayemletea namba ya kuigawa hiyo bila kubaki kitu, mbali na 1 na yenyewe, Jumatatu ana soda na mandazi mbili.

Mimi nikajua hiyo ni yangu. Shangazi alikuwa anauza omena Kibuye na alikuwa na kalkuleta ya dukani ya tarakimu kumi, vibonyezo vimejaa magamba mpaka 5 ukiibonyeza inakwama ndani, basi Jumamosi nzima nimekaa nyuma ya meza yake nagawa. 3, pointi. 7, pointi. 11, ikaniletea 195225786, kavu, hakuna pointi hakuna nini. Nikarudia mara tatu. Hata kuuza sikuuza tena siku hiyo.

Jumatatu nikanyoosha mkono kabla hajakaa. Akanipa chaki, "Haya omera, zidisha irudi." Nikaandika 1952257860 juu, 195225786 chini, nijumlishe. Tarakimu ya kwanza tu kulia ikatoka 6 badala ya 7, moyo ukashuka, lakini darasa zima linaniangalia utaacha vipi, nikaendelea mpaka mwisho: 2147483646. Moja imepungua! Walivyocheka wacha tu.

Kumbe jibu lenyewe lilikuwa 195225786.0909 na kuendelea, ile skrini baada ya pointi ilibaki na nafasi ya 0 moja tu, ikaimeza. Na si eti sheria ya 11 sikuijua, unajumlisha tarakimu moja moja ukiruka, unapata 17 na 29, tofauti 12, haigawiki, kwisha. Dakika moja bila betri.

Mwalimu akatuambia hiyo ni 2 ikizidishwa yenyewe mpaka ziwe 2 thelathini na moja, halafu utoe 1, na ni namba tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na yenyewe, mwanahisabati Euler alishathibitisha 1772 macho yake yakiwa karibu yameisha kabisa. Hakugawa ovyo kama mimi. Alionyesha kwanza kwamba kigawanyo chochote tasa lazima kikigawanywa kwa 248 kibakishe 1 au 63, halafu akajaribu hizo chache tu, na hakuhitaji kupita 46340 kwa sababu hapo ndipo kipeuo cha pili cha namba hiyo kinaishia. Hapo 11 haiingii hata mlangoni.

Kitu kilichoniuma zaidi nilikiona baadaye nikirudia kwa karatasi. Gawa kwa 3, inabaki 1. Kwa 7, 1. Kwa 11, 1. Kwa 31, 151, 331, zote 1! Ukitoa hiyo 1 namba yote inasambaratika, 2 × 9 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331.

Soda aliifungua mwenyewe akainywa mbele yetu. Mandazi moja alinipa, akasema ni ya kupoteza Jumamosi.