Trauti wa Kiganja Kimoja

Mimi mtoto wa Pangani. Nimekulia kwenye ngalawa ya baba, na kwetu samaki wa kiganja kimoja haitwi samaki, huitwa chambo. Basi mwishoni mwa Machi 2016, mzee mmoja niliyefanya naye kazi huku Marekani aliponialika milimani Virginia kuvua trauti wa vijito, nilimuuliza wana ukubwa gani. Akanionyesha kiganja. Nilikwenda kwa kuwa nilishachoka kushinda ndani tangu Novemba, si kwa sababu ya samaki.

Tuliacha gari Milam Gap, tukashuka kwa miguu kama kilomita 3 tukifuata kijito cha Mill Prong. Miti ilikuwa bado mitupu. Kule bondeni kijito kinakutana na mwenzake, Laurel Prong, na hapo unaanza Mto Rapidan. Rais Hoover alijijengea kambi papo hapo mwaka 1929, apate pa kuvulia. Nikategemea mto wa hadhi ya rais. Nikakuta maji ya kuruka kwa hatua mbili.

Mzee akatoa kikopo cha vidonge. Ndani mlikuwa na vinyoya vya jogoo vilivyofungwa kwa uzi kwenye vindoana, kila kimoja hakizidi punje ya mchele. Eti huyo ndiye nzi, anaigiza kidudu cha kijivu kinachoibuka majini baridi inapoanza kulegea. Sheria ya pale ni chambo cha kutengeneza tu, ndoana moja, na kila trauti anarudishwa majini. Anarudishwa! Nusura nipande mlima nirudi garini.

Rusha ya kwanza ilinasa mtini. Ya pili pia. Ya tatu ilianguka majini kwa kishindo, nikaona vivuli vitatu vinachomoka kwenda chini ya jiwe. Saa nzima ikapita hivyo, na mzee, Mungu ambariki, hakusema neno.

Ndipo nikatazama chini. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, na kivuli changu kimelala katikati ya maji kama gogo. Nikamsikia baba kabisa, enzi zile tukinyemelea mkizi kwenye mikoko: "Kivuli kikikutangulia, wewe rudi nyumbani." Utotoni nilijua hilo. Nikavuka ng'ambo, nikapiga magoti kwenye matope ya barafu, nikatambaa nyuma ya jabali. Mshipi nikautoa kidogo tu, urefu wa ufito wa kuvulia, nikamdondosha nzi pale maji yanapomwagika dimbwini.

Hakuelea hata sekunde tatu.

Nililowesha mkono kabla ya kumshika trauti, maana mkono mkavu humwondolea ute. Mgongo wake ulikuwa wa kijani kizito wenye michoro ya kujipinda, kama njia za mchwa kwenye mbao. Ubavuni vidoa vyekundu, kila kimoja kimezungushiwa duara la buluu. Mapezi ya chungwa, ukingo wa mbele mweupe pe, kama umepakwa chokaa. Baridi yake iliniingia mpaka kwenye kifundo. Nilipofungua vidole hakukimbia. Alitulia kidogo juu ya kiganja, akipumua, kisha nikabaki nimeshika maji.

Usiku saa tano nikapiga simu. Pangani ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmepata?"

"Nimepata mmoja. Nimemwachia."

"Alikuponyoka."

"Hapana, nilimshika mkononi, nikamwachia."

Akatafakari. "Umetembea mlima mzima, ukamshika, ukamwachia. Sasa mlikula nini?"

Nilitaka kudanganya. "Mkate, baba. Na jodari wa kopo."

Kimya kikawa kirefu, nikadhani salio limekwisha. Kisha nikamsikia akimwita mama aje asikilize.