Nilivyopiga sekunde sita za saa ya mkononi

Tangazo la kitu cha kifahari watu hulikumbuka kwa makeke yake. Lile la Cartier la mwaka 2012, aliloliongoza Mfaransa Bruno Aveillan, lina chui anayetoka Paris akapita Urusi, China na India kwa dakika tatu na nusu. Mimi naamini mwongozaji hupimwa mezani kwanza, pale bidhaa inapokaa peke yake mbele ya lenzi. Ndiyo maana mkusanyo wa kazi zangu unaanza na shoti ya sekunde sita: saa ya chuma, ya kuazima, na mwanga unaopita juu yake.

Nilivaa glovu za pamba tangu mwanzo. Alama ya kidole isiyoonekana kwa macho hujaza skrini nzima ikivutwa na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Vumbi nililipuliza kwa pampu ya mpira. Ukipuliza kwa mdomo unaacha mvuke na mate.

Mishale huwekwa mfupi kwenye 10 na mrefu kwenye 2, yaani saa nne na dakika kumi kwa hesabu yetu, ili jina la kampuni chini ya 12 libaki wazi. Saa haikusubiri, kwa hiyo niliirudisha nyuma dakika mbili kabla ya kila jaribio.

Kazi kubwa ni mwanga. Chuma kilichosuguliwa ni kioo: hakionyeshi taa, kinaonyesha kila kilicho mbele yake, pamoja na kamera na uso wako. Filta ya polaraiza, ile inayofungwa mbele ya lenzi kuchuja mng'ao, hupunguza mng'ao wa kioo kinachofunika uso wa saa, lakini kwenye chuma haisaidii kitu. Nilikata kadibodi nyeusi, nikatoboa tundu la kutosha lenzi tu, nikajificha nyuma yake. Juu ya saa, sentimita 30, nilitandaza karatasi ya kuchorea ramani, ile inayopitisha mwanga, na taa moja ya LED sentimita 60 juu ya karatasi. Saa haikusogea. Taa ndiyo iliyosogezwa, taratibu, sentimita 40 kutoka kushoto kwenda kulia, na mstari mweupe ukateleza juu ya kingo za chuma kama maji juu ya jani la mgomba. Taa ikiwa karibu mno na karatasi, mstari unakuwa doa lenye kingo kali, na chuma kinaonekana cha bei rahisi.

Taa niliiacha kwenye nguvu kamili. Za bei nafuu zikipunguzwa hupepesa, na kamera hulikamata hilo hata jicho lisipoliona.

Nilipiga fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde. Mshale wa sekunde wa saa nyingi za springi hupiga hatua 8 kila sekunde, na kwa kasi hiyo unaonekana kuteleza. Ukipiga fremu 100 kwa sekunde na kuzionyesha 25 kwa sekunde ili kupunguza mwendo, hatua zinabaki 2 kwa sekunde na mshale unaonekana kuchechemea.

Fokasi: lenzi ikiwa karibu kabisa, hata tundu lake likibanwa hadi f/11, kina kinachoonekana wazi ni kama milimita moja tu. Nililaza uso wa saa uwe sambamba na sensa ya kamera, sehemu inayopokea picha, la sivyo 12 inaonekana wazi na 6 ni ukungu.

Chembe mbili za vumbi zilibaki hata hivyo. Zilifutwa kwenye kompyuta, fremu 150, moja baada ya nyingine.