Kilo 94, mimba ya pili

Nesi alinipima presha akakunja uso. Mkanda haukuenea vizuri kwenye mkono wangu, kila ukijaa hewa unaachia. Kipimo kikasoma 148 kwa 94. Akaenda chumba cha pili akarudi na mkanda mpana, tukatulia kidogo, safari hii 126 kwa 80. "Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unadanganya, mama." Nikacheka. Kwenye mzani sikucheka: kilo 94, na urefu wangu ni sentimita 160.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 4.3. Nyumbani zilikuwa sifa tupu, toto la afya! Mimi nakumbuka kichwa kimetoka, bega limekwama, wakunga wawili wananikunja mapaja hadi tumboni. Hakuna aliyenieleza sababu. Huyu nesi ndiye aliyenifafanulia: sukari ikizidi kwenye damu ya mama inavuka kondo la nyuma, mtoto anatengeneza insulini nyingi kuikabili, na hiyo insulini inamjaza mafuta mabegani. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama inakoma ila insulini bado ipo, kwa hiyo sukari ya mtoto inaweza kushuka ghafla. Mama naye mnene yuko jirani zaidi na kifafa cha mimba, upasuaji na damu kuganda miguuni.

Nilijua ataniambia nijinyime. Wapi! Mimba si wakati wa kukonda, alisema. Kwa uzito wangu niongeze kilo 5 hadi 9 tu mpaka kujifungua.

Kliniki ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa mama mkwe, aliyekuja kunihudumia. Chai ya maziwa vijiko vinne vya sukari, chapati tatu, saa nne uji. "Kula mwanangu, mko wawili." Ukikataa unaonekana una dharau. Hudhurio lililofuata nikaenda naye, nesi akamweleza yeye, mimi kimya. Njiani hakusema neno. Kesho yake chai ikaja na kijiko kimoja, chapati moja na yai. Mchana ugali wa ngumi moja, mchicha na maharage ndiyo vikajaza sahani. Jioni tunatembea wote nusu saa. Soda ndiyo ilinitesa, sitaki kudanganya.

Pamoja na yote hayo, wiki ya 26 nilikunywa glukosi gramu 75 na kisukari cha mimba kikaonekana: sukari ya damu kabla ya kula kitu ilikuwa 5.4, wakati inatakiwa iwe chini ya 5.1. Nililia. Nikaanza kujichoma kidole mara nne kwa siku, na vile vijiti vya kupimia vinakula hela kweli. Ila chakula na kutembea vikatosha, sikuchomwa insulini.

Niliongeza kilo 7. Mtoto alitoka na kilo 3.4, bega halikukwama, wakampima sukari kisiginoni mara kadhaa, ikawa sawa. Wiki ya sita nilipima tena yangu, imerudi chini, nikaambiwa nisiache kupima kila mwaka.

Mama mkwe alipompakata alisema, "Mbona kadogo?" Halafu akaona pamba kisiginoni, akanyamaza, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.