Siku moja gereji Njombe: kubadilisha rejeta ya hita kwenye Corolla ya 1998

Saa 12:40 asubuhi

Juni huku Njombe baridi haina mzaha. Majani nyuma ya gereji yameshika barafu nyembamba, na spana ukiishika mkono mtupu inang'ata. Dogo, msaidizi wangu, keshawasha jiko la mkaa na anajifanya analichochea ili asishike kitu kingine.

Gari ya leo ililala hapa tangu jana jioni, kwa sababu nataka injini iliyopoa kabisa. Kofia ya rejeta haifunguliwi injini ikiwa ya moto, na kazi hii inaanza kwa kumwaga maji. Ni Corolla AE110, injini ya 5A, ya mama mmoja mwenye duka Makambako. Anaondoka hapa alfajiri kila siku, gizani, kwenye ukungu ule wa barabarani unaoujua kama umewahi kupita huku kati ya Juni na Agosti.

Alipoileta alisema kioo cha mbele kinaingia ukungu, na akipangusa kinabaki na mafuta mafuta. Kapeti upande wa abiria limelowa ingawa mvua zimekwisha zamani. Maji kwenye rejeta yanapungua, ila chini ya gari hakuna tone. Na ndani kuna harufu tamu, kama sharubati iliyochacha. Dalili hizo zikikutana sihitaji kupima kwa mashine: rejeta ya hita imetoboka.

Kwa asiyeijua, ni rejeta ndogo, ukubwa wa kitabu kinene, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini yanapita ndani yake, feni inapuliza hewa juu yake, wewe unapata joto na kioo kinakauka. Ikitoboka, kulanti (dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji ya rejeta) inageuka mvuke, na feni ileile inaupuliza moja kwa moja kwenye kioo.

Saa 1:30

Waya wa betri kwanza, upande wa hasi. Hii ina eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye usukani wakati wa ajali, na Toyota wanataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kuchomoa betri kabla hujagusa usukani. Mimi nasubiri mpaka nimalize chai na viazi vya kuchemsha, hapo nina uhakika.

Kisha maji. Tunayapokea kwenye beseni, na beseni linafunikwa na kuwekwa juu. Kulanti ya kawaida ni sumu, na utamu wake ndio mtego, mbwa wanailamba. Jirani ana mbwa watatu na sitaki kesi.

Kilichotoka kilikuwa cha kahawia, chenye kutu inayoonekana kwa macho. Hapo nilishajua nitakachokuta mbele. Mtu anaongeza maji ya bomba leo, anaongeza kesho, dawa ya kuzuia kutu iliyomo kwenye kulanti inakwisha nguvu, na chuma na alumini vinaanza kulika. Huku watu wanafikiri kulanti ni ya wenye hela. Lita chache za kulanti ni nafuu kuliko siku yangu nzima, hilo nawaambia kila mara na kila mara wananicheka.

Saa 2:15

Dashibodi. Hapa ndipo siku inapoliwa.

Rejeta yenyewe ikishafikiwa inatoka kwa dakika tano. Tatizo ni kwamba gari kama hizi ni kana kwamba walianza na hita, halafu wakajenga gari kuizunguka. Inabidi utoe redio, paneli ya katikati, boksi la glavu, saa za dereva (zile za spidi na joto), ushushe usukani, ndipo uanze kutafuta bolti zinazoshika dashibodi kwenye bodi. Nyingi ni za spana namba 10. Mbili tatu zimejificha pembeni, nyuma ya vifuniko vidogo, na fundi asiyezijua anavuta dashibodi kwa nguvu mpaka inapasuka.

Plastiki ya miaka zaidi ya ishirini kwenye baridi hii haitaki haraka. Vishikizo vya soketi za waya vinakatika ukivigusa vibaya. Nalowesha kitambaa kwenye maji ya moto, nakikamua, nakibana juu ya soketi kidogo, ndipo nafungua. Dogo anaona ni mbwembwe. Ngoja atafute soketi moja ya Corolla mji mzima, atanielewa.

Skrubu zote zinaingia kwenye trei za mayai, kila shimo na karatasi yake: "redio", "glavu kushoto", "usukani". Kila hatua napiga picha kwa simu.

Saa 4:00

Fundi mwenzangu wa jirani amepita kuomba kriki. Kachungulia, kaona waya zinaning'inia kama utumbo.

"Mzee, yote hayo ya nini? Si ungemfungia tu?"

Kumfungia maana yake ni kuchomoa mipira miwili inayoingia kwenye hita, uiunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, maji yarudi kwenye injini bila kupita ndani ya gari. Dakika 20, elfu kumi, mteja anaenda. Sio kosa. Gari ikiharibika njiani nami ningefanya hivyo, ila ningeunganisha mipira, nisingeiziba, ili mzunguko usikatike. Na kwa mtu wa Dar es Salaam simlaumu hata kidogo, hita ataitakia nini?

Ila mafundi wengi wa huku tulijifunzia kazi mijini kwenye joto, tukapanda milimani na mazoea yaleyale. Hita tunaihesabu na kiwashio cha sigara cha kwenye dashibodi, mapambo tu. Mama huyu hatafuti joto la miguu. Anatafuta kuona roli lililosimama bila taa mbele yake saa kumi na moja alfajiri. AC ingemsaidia, maana inakausha hewa, lakini gesi ilishatoka siku nyingi. Ukimfungia na hita, kinachobaki ni kitambaa na kufungua dirisha.

Jirani akachukua kriki. "Haya, mfalme wa dashibodi."

Saa 5:20

Dashibodi iko nje, imelala kwenye kiti cha nyuma. Kwa sababu gesi ya AC haipo, boksi la evapureta (kipoza hewa cha AC) nalo limetoka bila shida, na boksi la hita limebaki wazi. Nimelegeza klampu mbili upande wa injini, nimezungusha mipira kwanza badala ya kuivuta (ukivuta kwa nguvu unapinda bomba), kisha boksi zima likaja mikononi, likimwaga maji machafu suruali yote.

Rejeta ya zamani ikatoka. Kwenye kona ya chini, pale bomba linapoungana na tangi, kuna ukoko mweupe kama kucha. Nimeukwangua kwa bisibisi na ncha ikazama ndani. Alumini imekuwa unga. Mapezi, vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, ya upande ule yameshikana na vumbi na majani makavu, mpaka hewa haipiti.

Dogo kauliza kwa nini tusichomelee. Zile za shaba za zamani, ndiyo, fundi rejeta anaweka lehemu na maisha yanaendelea. Alumini haishiki lehemu ile ya kawaida, na hata ukiziba kitundu kimoja, ukuta wote umeshakuwa mwembamba.

Saa 7:00

Wali, maharage, parachichi. Jua limetoka kidogo. Kapeti tumelitundika kwenye uzio, linachuruzika.

Saa 7:40

Rejeta mbadala imekuja kwa basi kutoka Gerezani, Dar. Ni ya mtumba, na ya mtumba siifungi bila kuipima. Nimeziba bomba moja kwa mpira na klampu, jingine nikaunga na kompresa, hewa kidogo tu, nikaizamisha kwenye ndoo. Povu la kwanza lilitoka kwenye mapezi, hiyo ni hewa iliyokwama nje. Nikaitikisa, nikasubiri, nikachuchumaa na Dogo tukitazama ndoo kama watu waliotupa ndoano. Hakuna bubujiko. Imepona.

Kisha nikapitisha maji ndani yake kwa kurudi nyuma mpaka yakatoka safi. Sponji za pembeni zilizoizunguka ile ya zamani zilisagika nilipozigusa, na bila sponji hewa inapita pembeni na kutoka baridi. Fundi viti wa mtaa wa pili kanikatia vipande vya sponji ngumu bure. Tutadaiana.

Saa 9:00

Kurudisha. Hapa trei za mayai zinalipa. Mipira yote miwili ya hita nimeweka mipya na klampu mpya, kwa sababu sitaki kufungua boneti ile tena kwa mpira wa shilingi elfu chache. Injini nayo tumeisafisha mpaka maji yakatoka meupe.

Kabla ya dashibodi kukaa, nahakikisha kebo ya hita inafungua na kufunga valvu mpaka mwisho.

Saa 10:50

Kulanti nusu, maji ya betri nusu (yale safi yasiyo na madini, si asidi). Mchanganyiko huo haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, kitu ambacho Njombe hatutakiona, lakini mimi nataka kinga yake ya kutu. Na kofia mpya ya rejeta yenye namba 0.9, ndiyo kipimo cha mgandamizo wake. Kwenye mwinuko wetu maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ni mgandamizo unaoshikiliwa na kofia ndio unaoyazuia yasichemke mapema, na kofia ya zamani raba yake ilikuwa imekauka.

Tumepandisha pua ya gari kwenye mawe, hita kwenye moto kabisa, injini inanguruma polepole. Nyuma ya dashibodi kulisikika maji yakibwabwaja, hewa imekwama. Nikaminya mipira, nikaongeza maji, nikaminya tena. Bwabwaja ikakata. Nikashika mipira yote miwili, wa kwenda na wa kurudi: yote ya moto. Wa kurudi ungekuwa wa baridi, ningejua rejeta imeziba.

Dogo kaweka mkono kwenye tundu la hewa na hautoi.

Saa 12:10 jioni

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Imepona?"

Kioo nimekisafisha kwa sabuni na siki, yale mafuta yasingetoka kwa maji matupu. Tukazunguka mpaka stendi na kurudi, vioo vimefungwa, watu watatu tunapumua ndani, na kioo kikabaki safi. Nikamwambia akague maji kesho asubuhi kabla ya kuwasha, na apitie Jumamosi nikaze klampu. Nikamwambia na jingine: siku mshale wa joto ukipanda kwenye mlima, awashe hita kwa nguvu yote, itapunguza joto la injini mpaka apate pa kusimama.

"Na maji ya bomba?"

"Usithubutu, mama."

Kalipa nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi. Kapeti halijakauka, kaondoka bila kapeti.